Hatua ishirini za nani? Ugomvi wangu wa mpaka na jirani

Juzi usiku niliingiwa na ujumbe kutoka kwa kijana wa Lindi, ananisoma tangu zile makala zangu za ujenzi wa kuungaunga. "Kaka, jirani kaanza kuchimba msingi wa ukuta, kaingia kwangu karibu mita nzima. Nikaufukie?" Nilimjibu kwa neno moja: usithubutu. Halafu nikalala, usingizi ukagoma, kwa sababu mimi ninayemwambia asithubutu nilishathubutu. Wiki tatu zilizopita ndiyo bikoni zangu, yale mawe ya mpaka ya wapima ardhi, zimezikwa, zote nne, saruji imekauka, hakuna wa kuniambia kitu. Basi ngoja niseme yote.

Kiwanja changu kipo upande wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Nilinunua 2012, ule wakati habari za gesi zimewapandisha watu vichwa na kila mwenye shamba la mikorosho karibu na mji anakata viwanja. Ukichelewa mwezi, bei imeruka. Nilikuja kutoka Masasi na akiba yangu ya dukani, nikapelekwa kwa mzee mmoja mpole, mrefu kama mnazi. Hakuwa na futi kamba. Alianzia kwenye njia ya mchanga akawa anatembea huku anahesabu kwa sauti, mimi nyuma yake nahesabu kimoyomoyo. Upana hatua 20, kwenda ndani hatua 30. Ile ya 20 ikamfikisha kwenye shina la mkorosho mkongwe uliolalia upande mmoja. Akalipiga kofi shina: "Mpaka ndio huu."

Tukaenda kuandikiana ofisi ya mtaa. Mashahidi wawili, sahihi, mhuri. Karatasi ikasema hatua 20 kwa 30. Mkorosho haukutajwa popote, na mimi kwa furaha ya kumiliki ardhi mjini hata sikuona kama kuna kitu kimekosekana.

Mzee akafariki. 2014 mwanawe akauza kipande kilichofuata, akaanzia palepale kwenye mkorosho, naye akahesabu hatua 20. Sasa, huyu kijana ni mfupi. Hafiki begani kwa marehemu baba yake. Wala sisemi kwa kejeli, kesi nzima imelala hapo.

Aliyenunua ni mama mmoja, nitamwita Mama Jirani. Miaka tisa tuliishi bila neno. Ramadhani sahani zilikuwa zinapishana njiani, yetu ikienda na mihogo ya nazi, yake ikirudi na tambi. Mkorosho ule ulikuwa wetu wote. Anayejua korosho anajua haivunwi kwa kupanda mtini, unaisubiri idondoke yenyewe na bibo lake, kisha unaokota. Zilizodondokea kwetu watoto wangu waliokota, zilizodondokea kwake wakaokota wake. Hakuna aliyeweka sheria hiyo.

2023 Mama Jirani akataka uzio. Alianzia upande wake wa mbali, ambako jirani mwingine tayari ana ukuta wa tofali, akampa fundi karatasi: hatua 20. Fundi yule ana miguu, jamani. Akahesabu 20 zake, akaupita mkorosho, akasimika mwanzi wa kwanza ndani ya kiwanja changu. Nilipima baadaye kwa futi kamba: mita 1 na sentimita 60.

Unaona sasa? Karatasi yake haikudanganya, na yangu haikudanganya. Mzee alihesabu 20, kijana akahesabu 20, fundi akahesabu 20. Ardhi ndiyo haikutosha miguu yote hiyo.

Lakini siku ile sikuwa na hekima hii ninayokuuzia leo. Nilirudi kutoka dukani saa kumi na mbili jioni nikakuta mianzi imesimama mstari na mkorosho uko upande wa pili. Nilihisi joto limenipanda mpaka masikioni. Mke wangu akaniambia, "Baba, piga hodi kwanza, muulize." Sikupiga hodi. Nililala na hasira, nikaamka nayo alfajiri, nikatoka na panga nikang'oa mianzi kumi na moja. Naikumbuka idadi kwa sababu niliilipia. Mama Jirani alitoka na khanga yake kichwani, akasimama, hakupiga kelele hata kidogo. Akasema tu, "Asante, baba." Afadhali angenitukana.

Kufika saa tatu nilikuwa nimeitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Na hapa kijana wa Lindi fungua masikio: mimi mwenye haki ndiye niliyeketi upande wa mkosaji. Mwenyekiti hakuuliza mpaka uko wapi, aliuliza nani kang'oa mianzi. Kuharibu mali ya mtu ni jinai hata kama imesimama kwenye ardhi yako, na angetaka, yule mama angenipeleka polisi. Nilitoa shilingi 85,000 ya mianzi, makuti na fundi. Uzio ukarudi palepale, kwa pesa yangu.

Mengine yaliyofuata nitayapita haraka maana yanachosha: njoo kesho, mjumbe kasafiri, kikao kimevunjika. Lakini jua njia. Mjini unaanza mtaani, kisha Baraza la Kata. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linatoa hukumu. Hapana, mabadiliko ya sheria ya 2021 yameliondolea mamlaka hayo, kazi yake sasa ni kusuluhisha. Siku 30 zikiisha bila suluhu, linakuandikia uthibitisho kwamba limeshindwa, ndipo unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake kuna Mahakama Kuu. Haya nilielezwa na msaidizi wa kisheria, bure, nikiwa nimeshapanga kuuza pikipiki nilipe wakili. Akaniambia na hili: madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ukikaa kimya ukisema "Mungu anaona", Mungu anaona kweli, ila muda wako unakwenda.

Sisi hatukufika wilayani. 2024 urasimishaji, ile kazi ya kupima viwanja vyetu vya kienyeji na kuviingiza kwenye ramani, ukaingia mtaani kwetu, wapima wakaja na mashine zao za setilaiti. Nikafurahi, nikajua mashine itasema ukweli. Kijana wa vipimo akacheka: "Mzee, hii inasema tu hapa uliposimama ni wapi duniani. Nani mwenye hapo, mnaniambia ninyi majirani." Akakataa kuzika bikoni mpaka tukubaliane na kusaini wote wawili. Akaenda kwa wengine, kiwanja changu na cha Mama Jirani vikabaki pengo kwenye ramani.

Usiku ule ndio nilijiuliza: nani mwingine alikuwepo siku ya kofi? Nikamkumbuka dada wa marehemu. Siku ile ya 2012 alikuwa amekaa kivulini anabangua korosho, hata hakusaini kitu. Shamba lile lilikuwa la kwao upande wa mama, kwa hiyo alilijua kuliko hata yule kijana aliyeuza. Nikamfuata kijijini kwake kwa bodaboda, nikamwambia tatizo, nikamrudisha naye. Bibi wa miaka mingi, jicho moja lina ukungu. Mwenyekiti akaitwa, Mama Jirani akaitwa, wapima wakaitwa. Shikamoo zikaisha. Bibi akashika fimbo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkorosho, akaweka kiganja chake pale kaka yake alipopiga kofi.

"Kaka yangu alikuwa na miguu mirefu," akasema. "Huyu mtoto hana. Msihesabu miguu. Shina ndilo hili."

Dakika tano. Mwaka mzima wa vikao umeisha kwa dakika tano. Mama Jirani akasaini, nikasaini, mwenyekiti akagonga mhuri. Mstari umepita katikati ya shina, na safari hii mimi ndiye niliyeomba neno mkorosho liandikwe kwenye makubaliano yetu. Niliomba mara mbili. Hata korosho zimeandikwa, kila mtu na za upande wake. Uzio umesogezwa kwa gharama zake. Siku hizi vijiweni wananiita mwanasheria, na sikatai.

Ushauri, basi. Andika. Ukinunua, andika kitu kinachoonekana: mti, kisima, kona ya nyumba ya fulani. Usiandike hatua, andika mita, na futi kamba bei yake haizidi ya kuku. Piga picha mkiwa mmesimama mpakani, muuzaji na majirani wote. Mashahidi wawe watu wa palepale, si rafiki zako mliokuja nao kwenye bajaji. Mkisuluhishwa, andika tena. Na bikoni ikishazikwa usiiguse, hata kama unaamini imekosewa, kuing'oa ni kosa kisheria. Ninyi vijana wa leo mnatumiwa kiwanja kwa WhatsApp, mnatuma hela kwa simu, mnakuja kukiona mwaka wa tatu. Halafu mnasema majirani wabaya! Hukuwahi kuwasalimia hao majirani, umewaanzia na ukuta. Mcheni Mungu, nunueni ardhi mchana, watu wakiwaona. Na wewe wa Lindi, msingi wake usiufukie. Piga hodi leo hii, kabla tofali hazijapanda, maana kumsogeza mtu aliyekwisha kujenga ni kazi nyingine kabisa.

Sitakudanganya kwamba nimesamehe kila kitu. Kipindi kile aliwahi kusema msibani, mbele za watu, kwamba mimi ni mtu wa kuja, nimetoka Masasi kuwanyang'anya wenyeji. Yeye mwenyewe katokea Newala! Nimelikumbuka hilo neno mara nyingi kuliko zile sentimita. Na najua naye anaikumbuka ile alfajiri ya panga.

Tangu hapo hakuna sahani iliyopishana. Moja yake, ya maua ya bluu, ilibaki kwetu kutoka Ramadhani ya mwisho kabla ya uzio. Iko kabatini. Mke wangu anaitoa, anaipangusa, anairudisha. Nikamwambia mpe mtoto aipeleke basi, akanikazia macho: "Chombo cha watu kirudi kitupu?" Mkorosho umeanza kutoa maua, Oktoba korosho zitaanza kudondoka. Ameshanitamkia kwamba za mwanzo za upande wetu nisiziuze.