Maswali ya wasomaji: Kabati lenye muhuri wa Maple

SWALI: Nimerithi kabati la droo nne, mbao yake nyekundu. Ukingoni mwa droo ya juu pamegongwa muhuri wa “Maple & Co.” Je, Maple ndiye aliyelitengeneza? Na ni la mwaka gani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Muhuri huo unakuonyesha aliyeliuza. Aliyelitengeneza huenda ni mwingine. John Maple alifungua duka lake Tottenham Court Road, London, mwaka 1841, na mwanawe, John Blundell Maple, akalikuza likawa miongoni mwa maduka makubwa ya samani duniani. Mwenye nyumba tupu aliweza kuagiza vitanda, magodoro, mazulia na mapazia yote hapo hapo.

Duka lilikuwa na karakana zake, lakini lilinunua pia kwa mafundi wa mashariki mwa London, hasa pande za Curtain Road. Wapo waliotengeneza bila oda, kisha Jumamosi wakazungusha kazi yao duka hadi duka. Mnunuzi alijua fundi huyo hawezi kurudi nayo nyumbani, kwa hiyo alimbana bei. Kamati ya Baraza la Mabwana (House of Lords) la Bunge la Uingereza iliyochunguza unyonyaji wa wafanyakazi kati ya 1888 na 1890 iliigusa pia biashara hii ya samani. Ndiyo maana makabati mawili yenye muhuri mmoja yanaweza kupishana sana kwa ubora. Usilipie jina kabla hujavuta droo.

Kuhusu mwaka, anza na muhuri wenyewe. Maple ikawa kampuni ya hisa mwaka 1891, kwa hiyo ukiona “Ltd”, kifupi cha “Limited” kinachowekwa kwenye jina la kampuni ya aina hiyo, kabati si la kabla ya hapo. Isipokuwepo, usikimbilie kusema ni la zamani zaidi, maana jina fupi liliendelea kutumika. Kisha geuza droo. Sakafu ya plaiwudi mara nyingi ni ya karne ya 20. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 au baadaye, ila huenda fundi wa juzi ndiye aliyeitia, kwa hiyo tazama kama tundu lake limechokonolewa. Meno yanayounganisha mbao kwenye kona za droo, yakilingana yote kwa upana, yamekatwa na mashine. Ya mkono hupishana kidogo, na mara nyingi utaona mstari wa alama uliochorwa na fundi.

SWALI: Vinia ya juu, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya ubao, imevimba kama malengelenge. Fundi anataka kuipiga gundi nyeupe. Nimruhusu?

JIBU: Mzuie kwanza. Samani za wakati huo ziligandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, na hewa ya pwani ina vyote viwili. Gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya mabaki ya ile ya zamani, na kuibandua baadaye ni kazi.

Jaribu kuiamsha gundi iliyopo. Weka kitambaa chenye unyevu kidogo juu ya uvimbe, pitisha pasi ya moto mdogo kwa sekunde chache, kisha inua utazame. Vinia ikilainika, tandika karatasi ya nailoni, weka kipande cha ubao na ubane kwa klempu hadi kesho yake. Pasi ikizidi moto, polishi itageuka nyeupe.

Isiposhika, chana uvimbe kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, kamwe usikate kwa kuzivuka, kisha ingiza gundi mpya ya ngozi kwa sindano. Chembe zake hulowekwa kwenye maji baridi hadi zivimbe, halafu sufuria yake hukalishwa ndani ya maji ya moto, nyuzi joto 60 za Selsiasi hivi. Ikichemka hupoteza nguvu.

SWALI: Je, nipige msasa na vanishi mpya?

JIBU: Hapana, tena hapa hatuna subira. Vinia ni nyembamba; msasa wa mashine huitoboa kwa dakika moja, na hapo hakuna dawa. Dondosha tone la spiriti mahali pasipoonekana. Polishi ikilainika na kunata, ni shelaki, polishi ya utomvu wa wadudu, nayo huongezewa shelaki mpya juu yake kwa kitambaa, tabaka jembamba jembamba, baada ya kufuta vumbi na nta ya zamani.