Meko ya zamani yanayofukuza joto sebuleni

SWALI: Fundi, hujambo? Tumenunua nyumba ya mawe huko Limuru, ya enzi za ukoloni. Sebuleni mna meko makubwa ya kuotea moto. Jioni tukikoka moto, magoti yanaungua huku mgongo unaganda, na vyumba vya kulala vinazidi kuwa baridi. Siku tusipowasha, upepo unashuka kwenye dohani. Jirani anasema tuzibe kwa matofali. Tufanyeje?

JIBU: Sijambo, dada. Kwa matofali msizibe, nitakueleza sababu.

Vyumba kuzidi kupoa wakati moto unawaka ni jambo la kweli kabisa. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi na kupanda dohani, na nafasi yake inajazwa na hewa ya nje inayopenya chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Katika meko ya wazi, mara nyingi asilimia 80 au zaidi ya joto la kuni inaishia angani. Moto ukizimika, koo la dohani, yaani sehemu nyembamba iliyo juu tu ya mahali pa moto, linaendelea kunyonya joto la nyumba usiku kucha. Meko yakishapoa, washa kijiti cha ubani ukishike kwenye mdomo wake. Moshi ukiinama kuelekea ndani kisha ukapanda, hilo ndilo joto lenu linaloondoka.

Sasa chukua tochi, inama utazame juu. Baadhi ya meko ya zamani yana bamba la chuma la kufunga koo. Mara nyingi nalikuta limeliwa na kutu au limekwama chini ya masizi na viota vya ndege. Kama halipo, shoneni mto wa gunia la mkonge, mujaze sufu ya kondoo, uingie kooni kwa kubana. Ushoneeni mkia wa kitambaa chekundu unaoning'inia hadi mahali pa kuni. Mkia huo msiusahau. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambako mgeni aliwasha moto bila kujua kwamba juu kumesokomezwa gunia la nailoni. Sebule ilijaa moshi mweusi na watoto wakatolewa kwa dirishani. Kazi hii ya jioni moja ya kushona mto itawafaa kuliko mengine yote nitakayoyataja.

Ila tafadhali, msifunge koo makaa yakiwa bado mekundu. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Fungeni asubuhi, majivu yakiwa baridi kabisa. Joto la usiku huo liacheni lipotee. Na koo likiwa limefungwa, jiko la makaa lisiletwe sebuleni.

Mkitaka moto wenyewe uwape joto zaidi, tazameni umbo la meko. Mengi ya zamani ni kama sanduku: yameingia ndani sana, pembe za mraba, koo pana. Mwaka 1796 mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alieleza dawa yake, na mimi naitumia hadi leo. Ukuta wa nyuma unaletwa mbele, kuta za kando zinapindishwa zitazame chumba ili zirudishe joto, na koo linabanwa hadi upana wa sentimita 10 hivi. Mwashi apange kwanza matofali ya kuhimili moto bila saruji, muwashe moto mdogo, muone moshi unaelekea wapi. Moshi ukirudi sebuleni, mnasogeza tofali tu.

Pesa ikiruhusu, wekeni jiko la chuma lenye mlango wa kioo. Jiko zuri linaipa nyumba asilimia 65 hadi 80 ya joto la kuni. Bomba lake lipande ndani ya dohani, na uwazi unaolizunguka uzibwe kwa bamba la chuma. Kuni za muwati au mkaratusi zipasuliwe na kukaushwa kwa muda mrefu, hata mwaka, mahali pasiponyeshewa.

Sasa matofali ya jirani. Dohani iliyozibwa juu na chini inatoa jasho ndani, masizi yanaloa, kisha mabaka ya kahawia yanajitokeza ukutani, na kila mkipaka rangi yanarudi. Siku mkiamua kuyaacha meko moja kwa moja, juu wekeni kofia ya kuzuia mvua inayopitisha hewa, na chini mwacheni mwashi abakize tundu la ukubwa wa tofali moja, lenye wavu wa kuzuia panya.