Wateja wa mali kauli wananipiga kalenda: nidai vipi bila kuingia kwenye riba?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Nina duka la jumla la vyakula Tandika, hapa Dar es Salaam. Nauza mchele, unga, sukari na mafuta, na wateja wangu wengi ni mama lishe na wenye maduka madogo wa Mbagala na Yombo. Nawapa mali kauli: mzigo wanachukua leo, hela wanaleta baadaye. Hadi leo fedha zangu zilizo nje ni milioni 11 na laki 4, na mtaji umekata. Wengine wananipiga kalenda tangu mwaka juzi, wengine simu hawapokei. Kuna kijana anataka nimpe orodha, yeye na wenzake wakusanye, wabaki na asilimia 30. Mwenzangu sokoni anamwongezea mdaiwa asilimia 10 kila mwezi anaochelewa, na picha za wadaiwa anazirusha kwenye grupu la WhatsApp. Je, lipi katika haya linafaa? Na asiye na dalili ya kulipa, naweza kumsamehe nikahesabu kuwa ni zaka? Mmoja wao amefariki. Nimekutumia pia picha ya daftari langu.

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Maswahaba wake.

Dada yangu, kudai haki yako si dhambi na si roho mbaya. Naanza na hilo kwa kuwa mjini kwetu anayedai ndiye anayeona haya, na anayedaiwa anatembea kifua mbele. Mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) ngamia kwa maneno makali mpaka Maswahaba wakataka kumshika. Mtume akawaambia wamwache, kwani mwenye haki ana la kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi usione aibu kumpigia simu mtu aliyekula mchele wako.

Nimeitazama picha ya daftari kabla ya kuandika jibu hili, na kilichonisikitisha kiko hapo. Ukurasa una doa la mafuta ya kula pembeni, na mstari wa tatu unasomeka: "Mama Zai, mchele gunia 2, ndoo 1." Tarehe haipo, bei haipo, siku ya kulipa haipo, na mwandiko wote ni wako. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni. Inatuamrisha tuliandike pamoja na muda wake, tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa, na tushuhudishe. Tena inasema atakayeimlisha maneno ya maandishi, yaani kuyatamka ili yaandikwe, ni yule mwenye kudaiwa. Tafakari hekima ya jambo hilo: anayekiri kwa ulimi wake leo hataweza kukukana kesho. Daftari lako lina maneno yako tu, na mtu akikana mbele ya hakimu utabaki na kiapo na machozi. Kuanzia kesho, mteja aandike kwa mkono wake au atume ujumbe wa simu kwamba amepokea kitu fulani, kwa bei fulani, atalipa siku fulani. Wa zamani nao waombe ujumbe wa namna hiyo sasa, wakati bado mnasalimiana.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, kwa sababu neno "mali kauli" limebeba mikataba miwili tofauti na wengi hatuitenganishi. Ukimwambia mteja, "Chukua gunia hizi kwa laki mbili, utanilipa mwisho wa mwezi," huo ni uuzaji wa mkopo. Mali imekuwa yake tangu ilipotoka dukani. Ikiibwa au ikiungua, hasara ni yake na deni lako linabaki palepale. Lakini ukimwambia, "Kaniuzie, ukimaliza niletee hela yangu, cha juu ni chako," hapo umemfanya wakala. Mali bado ni yako mkononi mwake, naye ni mwaminifu wako. Ikipotea bila uzembe wake hana deni, umepoteza wewe. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nilikaa na watu waliokuwa wakigombana kwa hili hasa. Mmoja anasema nilikuuzia, mwingine anasema ulinipa nikuuzie, na hakuna karatasi. Kaa na kila mteja mkubaliane mko katika mkataba upi.

Sasa tuje kwenye kudai kwenyewe. Huwezi kuwashika wadaiwa wako wote kwa mkono mmoja, kwa kuwa sheria ya Mwenyezi Mungu imewagawa. Yuko mwenye dhiki kweli, ambaye Allah amesema katika aya ya 280 ya sura hiyohiyo kwamba apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe kwa njia ya sadaka ni bora zaidi. Muhula huo ni haki yake ikishathibiti kuwa hana. Na yuko mwenye uwezo anayezungusha watu. Huyo Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwake ni dhuluma.

Utawajuaje? Nenda ukaone, au mtume mtu wa heshima akaone. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Abul Yasar, Swahaba aliyepigana vita vya Badri. Alikwenda nyumbani kwa mdaiwa wake, akatoa salamu, akaambiwa mwenyewe hayupo. Akatoka mtoto wa mle ndani. Abul Yasar akamuuliza, baba yako yuko wapi? Mtoto akasema: amesikia sauti yako, ameingia nyuma ya kitanda cha mama. Abul Yasar akamwita atoke. Yule mtu akatoka, akasema aliogopa kuzungumza naye akamwambia uongo, au kumuahidi kisha asitimize, na kwamba wallahi yeye ni mtu wa dhiki. Abul Yasar akamwapisha, kisha akaileta hati ya deni akaifuta kwa mkono wake, akamwambia: ukipata nilipe, usipopata uko huru. Ndipo akasimulia alivyomsikia Mtume akisema kwamba anayempa muhula mwenye dhiki, au akamwondolea deni, Allah atamweka katika kivuli Chake.

Kila ninapoisoma habari hii naona mlango wa chumba cha kupanga Mbagala, pazia limeshushwa, na mtoto asiyejua kuficha. Huenda mmoja wa mama lishe wako ndiye huyo: banda limebomolewa, sufuria zimepakiwa kwa dada yake, na simu hapokei kwa kuwa kila anayepiga anamdai. Huyo mpunguzie au mpe muda mrefu. Akiweza elfu mbili kwa wiki, pokea hiyo elfu mbili kwa uso mkunjufu.

Yule mwingine, anayekwambia biashara ngumu huku anaezeka nyumba Chanika, hana hukumu hiyo. Mdai kwa nguvu inayoruhusiwa. Mwandikie barua yenye tarehe. Mwite mbele ya mashahidi, kwa mjumbe, serikali ya mtaa au wazee wa msikiti wenu. Swahaba Kaab bin Malik alimdai mwenzake Ibn Abi Hadrad ndani ya Msikiti wa Mtume mpaka sauti zikapanda. Mtume akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali, na papo hapo Mtume akamwambia mdaiwa: simama umlipe. Wasuluhishi wetu huisahau hiyo sehemu ya pili. Wanamshika mdai apunguze, kisha mdaiwa anaondoka na ahadi. Ukikubali kupunguza, sema wazi kwamba punguzo ni kwa atakayelipa siku hiyo.

Suluhu ikishindikana, nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue madai. Deni halifutiki kwa sheria ya dini hata lipitiwe na miaka 20, lakini sheria ya nchi inakupa miaka 6 kufungua shauri la mkataba, basi usilale. Usiende polisi kuomba mtu awekwe ndani ili ndugu zake wachange. Deni ni shauri la madai, na kumtishia mtu kwa kosa la jinai ambalo hakulifanya ni kumdhulumu aliyekudhulumu.

Asilimia 10 anayoongeza mwenzako ni riba, hata aiite faini. Hii ndiyo riba ya zama za ujahiliya hasa: muda ukifika, mdai anasema "lipa au ongeza". Haihalaliki hata kama mdaiwa alikubali tangu mwanzo. Baraza la kimataifa la fiqhi (sheria ya Kiislamu) la Jeddah lililiweka wazi hili mwaka 1990: unaruhusiwa kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, mradi bei iwe moja iliyokubaliwa mnapouziana, na mteja akishachelewa, hakuna kuongeza kitu. Unaloweza kulishurutisha ni kwamba akikosa awamu, zilizobaki zote ziwe zimeiva, yaani uzidai kwa pamoja. Unaweza pia kutaka rehani au mdhamini kabla mzigo haujatoka. Na ulichokwisha kukiongeza kwa njia hiyo, kama kipo, rudisha kwa mwenyewe.

Kuhusu kijana wa asilimia 30, kumlipa mtu akukusanyie madeni kunafaa, naye ni wakala wako. Ujira utoke mfukoni mwako, usiongezwe juu ya deni la mama lishe. Ninapenda zaidi mpatane kiasi cha shilingi kwa kila deni, mjue mapema. Lakini akikwambia, "Nipe deni la milioni 4, chukua milioni 3 leo," kataa, kwa sababu huko ni kuuza fedha kwa fedha kwa kuzidishana na kuchelewesha. Na umuulize wenzake ni akina nani. Wakibeba friji ya mtu au wakimpiga mbele ya wanawe, wamefanya hivyo kwa jina lako. Wanaoruhusiwa kukamata mali ni madalali wa mahakama, kwa amri ya mahakama. Ama gharama halisi ulizoingia kumfuata mwenye uwezo aliyekataa kulipa, kama ada ya mahakama, mwanachuoni Ibn Taymiyya amesema anabeba yeye aliyekulazimisha, na hakimu anaweza kumhukumu hivyo.

Picha kwenye grupu, hapana. Najua watatoa hoja ya Hadithi inayosema ucheleweshaji wa mwenye uwezo unahalalisha heshima yake na adhabu yake. Hadithi ipo, na mwanachuoni wa zamani Sufyan ameifasiri: heshima yake ni kumwambia "umenizungusha", na adhabu yake ni kufungwa. Kufunga ni kazi ya hakimu, na maneno yana mpaka wa haja. Mfanyabiashara mwenzako akikuuliza kama ampe fulani mzigo, mwambie ukweli, hiyo ni nasaha. Kumrusha mtu kwa mamia ya watu wasiomdai, picha akiwa na mwanawe, kumevuka haja. Sote tuliona mikopo ya kausha damu ya kwenye simu ilivyowafikisha watu, ujumbe wa deni unatumwa hadi kwa mkwe na bosi. Mwaka 2024 Benki Kuu ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tusiwaige. Nchi nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usijikute wewe ndiye mshtakiwa.

Kusamehe deni na kulihesabu zaka hakutoshi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii, na ndiyo kauli ya wengi, kwa kuwa zaka ni kutoa na kumkabidhi mtu, na hapa hukutoa kitu. Mwenye deni lililomshinda ni katika wanaostahiki zaka. Basi mpe zaka mkononi bila sharti lolote. Akikurudishia mwenyewe kulipa deni, inafaa. Ukishurutisha airudishe, zaka haijatoka. Na deni lililo kwa mwenye uwezo anayekiri, lihesabu kila mwaka pamoja na mali ya duka. Lisilotarajiwa, subiri ulipate ndipo ulitolee.

Huyo aliyefariki, nenda kwa familia yake na daftari lako na shahidi, kwa upole, matanga yakiisha. Deni linatoka katika alichoacha kabla ya mirathi kugawiwa, kwa aya ya 11 ya Suratun Nisaa. Warithi hawalazimiki kulipa kutoka mifukoni mwao. Kama walitangaza makaburini, kama tunavyofanya hapa, kwamba anayemdai marehemu aonane nao, hawatashangaa kukuona. Kama hakuacha kitu na unaweza kumsamehe, waambie hivyo kwa ulimi wako wasikie, kwani Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu asilisalie, mpaka Swahaba Abu Qatada aliposema deni hilo liko juu yake.

Wallahu a'lam.