Pesa na WhatsApp visikae simu moja

Wanaoniuliza namna ya kutunza pesa huwa nawapa ushauri mmoja, na wengi huanza kwa kucheka. Nawaambia: laini yako ya pesa itoe kwenye simu unayoingilia WhatsApp na Instagram. Tafuta kitochi, kile cha vibonye na redio, chomeka laini humo, kiache nyumbani kabatini. Simu janja ibaki na laini ya kupigia na kuweka bando. Ukitamani kitu mchana, utakilipia jioni ukirudi.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wengi wetu tulikuwa na vitochi tu. Kutuma pesa kulitaka nia: unapiga *150*00#, unafuata menyu, unaandika namba tarakimu kwa tarakimu, ndipo unaweka namba ya siri. Kwenye simu ile kulikuwa na pesa, lakini hakukuwa na picha za magauni wala group la harusi. Simu janja zikaja zikavikutanisha. Leo gauni linaonekana, bei inaulizwa, lipa namba inatumwa, na pesa imeshaondoka kabla chai haijapoa.

Mimi nashika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Kila siku naona mtu akibishana dakika kumi apunguziwe shilingi 200 kwenye mfuko wa saruji, anatoa noti, anazihesabu, anazirudia kuzihesabu. Huyohuyo akisubiri kupakiliwa mzigo anakaa kwenye benchi, anafungua simu, na namsikia akimwambia mwenzake kwamba ametuma elfu arobaini ya viatu ambavyo hajavishika. Si mjinga. Noti zinapitia kwenye vidole, ile nyingine haikupita popote.

Haya mambo nimeyajua zaidi kwa wifi yangu, anayeuza nguo na viatu mtandaoni. Mzigo anachukua Kariakoo. Fremu hana. Duka lake ni simu, kona moja ya sebule, pazia jeupe na ile taa ya duara. Mchana hapost kitu, anafunga mizigo na kuwakabidhi bodaboda. Kazi yenyewe inaanza saa tatu usiku, watu wameshakula, watoto wamelala, na wao wamejilaza simu ikiwa usoni. Picha haiwekei bei, anaandika tu "bei inbox". Siku moja nikamuuliza, wifi, kwa nini usiandike bei watu wasisumbuke?

Akanijibu huku anakunja gauni la njano. "Wifi, mtu akiona bei anapiga hesabu. Akija inbox ananisalimia, namsalimia, namwita dear, tumeshajuana. Ataona aibu kuondoka mikono mitupu." Halafu akaongeza, bila hata kunitazama, "Na wa usiku nataka walipe usiku huohuo. Wakishasema nitalipa kesho, wengi siwaoni tena."

Mengi ninayowaambia watu nimeyatoa kwenye jibu hilo. Muuzaji anaiogopa kesho, basi mnunuzi aipende. Kitochi kilichoko kabatini kinakununulia hiyo kesho bila wewe kupigana na nafsi yako, maana saa nne ya usiku chini ya shuka hakuna mwenye msimamo. Utasema "nitalipa kesho", na utakuwa husemi uongo.

Swali linalofuata huwa ni la dharura. Mtoto akiugua ukiwa kazini? Kwenye laini ya simu janja acha kiasi kidogo, cha kutosha bodaboda na dawa za siku, kiasi ambacho hata kikiliwa chote hutalia. Nauli na chakula cha mchana viwe noti mfukoni. Mwenzi wako ajue kitochi kinakaa wapi. Na laini iwe ya jina lako na alama zako za vidole. Usitumie ya mdogo wako kwa sababu tu ilikuwa kwenye droo. Faida nyingine, ya pembeni lakini si ndogo kwa anayepanda daladala za hapa: wakikukwapua simu dirishani, wamekwapua simu tu.

Sasa group la harusi. Hapa kitochi peke yake hakitoshi.

Unaongezwa bila kuulizwa. Jina la group ni majina mawili na moyo katikati. Siku ya kwanza ni hongera na vigelegele. Siku ya pili mweka hazina anabandika orodha: namba, jina, ahadi, kilicholipwa. Namba moja mama wa bwana harusi, amemaliza, tiki ya kijani. Namba nne fulani na mkewe, laki moja na nusu, wamepunguza elfu hamsini. Kila anayeahidi ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake mwishoni, anairudisha. Kwa hiyo jioni moja orodha ileile inapita machoni pako tena na tena, kila mara imerefuka kwa mtu mmoja, na wewe haumo. Halafu mwenyekiti wa kamati anaandika, "Tunawashukuru walioahidi, wengine tunawasubiri kwa upendo." Ule upendo ndio unaomfanya mwenye uwezo wa elfu thelathini aandike laki moja.

Na mchango wenyewe sina ugomvi nao. Tulichangiwa harusi yetu, na nilipofiwa na baba watu walijaa uani kabla sijajua turubai limetoka wapi. Ninachokataa ni kiasi kupangwa na orodha. Nyumbani kwetu kila Januari mimi na mume wangu tunaandika pesa ya michango ya mwaka: harusi, send-off, kitchen party, kipaimara, ubarikio, yote kapu moja. Misiba hatuiwekei kikomo. Kapu likiisha Septemba, limeisha, na wa Desemba watapata zawadi ndogo au mikono yangu jikoni siku ya shughuli.

Mualiko ukija, nampigia simu mhusika kabla orodha haijarefuka. "Shangazi, hongera sana. Mimi nina elfu thelathini, naituma Jumamosi, kadi usinihesabie." Basi. Siandiki ahadi. Natuma kwanza, mweka hazina ananiingiza pamoja na tiki yangu. Ahadi iliyoandikwa mbele ya watu mia ni deni lenye mashahidi mia. Je, kuna waliokasirika? Wapo. Shangazi mmoja alininunia mpaka Pasaka, na kwenye kamati ya binti yake wa pili hakuniita kabisa, jambo ambalo kwa kweli sikulilalamikia.

Ahadi za namna hiyo ndizo zinazowapeleka watu kwenye mikopo ya simu. Unaanza na ile huduma ya mtandao wa simu inayokujazia salio la pesa likipungua, Songesha kwetu, Fuliza kwa Wakenya tangu 2019. Kiasi ni kidogo, gharama inahesabika kwa siku, na pesa ikiingia tu inakatwa kabla hujaiona. Hiyo bado ina mwenyewe unayemjua. Balaa ni zile programu zinazotangazwa kati ya video na video, za kukopa dakika tano bila dhamana. Dhamana ipo: unapoiweka kwenye simu inaomba kusoma majina uliyoyahifadhi, na siku ukichelewa, bosi wako, mchungaji wako na mama mkwe wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingine huzaliwa upya kwa jina jingine, kwa hiyo kabla hujapakua angalia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya BoT. Ikitaka majina ya watu wako, ifute hapohapo hata kama leseni inayo.

Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini nyumbani ilitubadilisha. Tulikuwa tunamtumia mama kijijini elfu kumi leo, elfu tano keshokutwa, kila mara na ya kutolea, na hakuna aliyejua jumla. Tukaanza kutuma mara moja kwa mwezi. Mama mwenyewe akapenda, maana anakwenda kwa wakala siku moja, ananunua unga na mafuta ya mwezi, anamaliza. Tozo baadaye ilipunguzwa. Sisi hatukurudi tulikotoka.

Kinachobaki nakipeleka mahali kisipotoka haraka. Sehemu ninaiweka UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa Ukwasi, na watu wakiniambia kutoa pesa huko kunachukua siku kadhaa za kazi nawaambia ndiyo, ndicho nilichokifuata. Sehemu nyingine iko kikoba cha mtaani. Sanduku letu ni la bati, rangi ya bluu iliyobanduka, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja. Ili pesa itoke lazima wote watatu waje, wakae kwenye mkeka, na mkopaji aseme shida yake mbele yetu. Kuna aliyeanza kueleza kwamba anataka kubadilisha sofa, akafika katikati ya sentensi, akacheka mwenyewe, akakaa.

Wadogo wanataka tuhamie kwenye simu. Vikundi vingi vimehama, huduma kama M-Koba zipo tangu 2019, na hoja zao si za kitoto: sanduku linaibwa, mkutano unakula Jumapili nzima, na anayehamia Mwanza anapotea kikundini. Mimi bado niko upande wa sanduku. Tukipiga kura nadhani nitashindwa.

Kama unauza mtandaoni, huwezi kuacha pesa kabatini, wateja hawatakusubiri. Wewe pokea kwa lipa namba, usipokee kwenye laini yako binafsi, na uwe na siku maalumu ya kuhamishia benki, usiguse katikati. Wifi yangu ndivyo anavyofanya sasa, tangu alipokaa chini akapiga hesabu ya mauzo na kukuta faida ya magauni inaishia kwa wauzaji wenzake wa vyombo. Naye hujilaza na simu saa nne usiku, akishamaliza kuwajibu wa kwake. Ana seti tatu za sufuria zisizoshika chakula, na mbili bado zimo kwenye boksi.