Usibadilishe neno la siri kwenye kompyuta hiyo hiyo

Ndugu uliyeandika kutoka Jinja, simama hapo hapo. Umeeleza kwamba ukurasa wa benki umeanza kukudai PIN ya kadi, jambo ambalo haukuwahi kulifanya, na kwamba leo usiku utabadilisha neno la siri. Kisha unauliza programu ipi ya kuondoa virusi ni bora, na kama huduma ya simu ina makato madogo kuliko ya kompyuta. Usiliguse neno la siri kwenye kompyuta hiyo. Chukua simu, upige namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, si ile unayoiona kwenye ukurasa, na uwaombe wafunge huduma ya mtandaoni sasa hivi.

Nasema kwa ukali kwa sababu neno la siri jipya ndilo lililomaliza fedha za duka letu la vipuri pale Kisekka, Kampala. Karani alifungua hati ya Word iliyokuja kama ankara ya mzigo, akaruhusu maagizo yaliyofichwa ndani yake kama hati yenyewe ilivyomwelekeza, na kesho yake ukurasa wa benki ukawa na kisanduku cha ziada chini ya neno la siri, chenye rangi na herufi zile zile za benki. Fundi aliyeitwa akaonyesha alama ya kufuli karibu na anwani, akatuhakikishia kwamba mawasiliano ni salama na kwamba neno la siri jipya lingetosha. Likaandikwa mbele yake, akalipwa, akaenda. Mishahara ya wafanyakazi ikahamishwa kwenda kwenye akaunti tusizozijua.

Hadi leo fundi yule ananitia hasira, maana mtu anayelipwa kwa kazi hii hakupaswa kukosa kujua kufuli linalinda nini. Linalinda taarifa zikiwa njiani kati ya kivinjari na benki. Programu za wizi kama Zeus, iliyojulikana tangu 2007, na SpyEye iliyofuata, hazivizii njiani. Huingia ndani ya kivinjari chenyewe, hunakili unachoandika kabla hakijasimbwa, yaani kabla hakijageuzwa kuwa maandishi ya siri, na huongeza visanduku kwenye ukurasa halisi wa benki. Anwani ni ya kweli, kufuli ni la kweli, kisanduku ni cha mwizi. Neno jipya utakaloandika humo atalipata papo hapo, pamoja na namba ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, huku wewe ukionyeshwa ujumbe wa kusubiri. Aina nyingine hubadilisha hata salio unaloliona, ili usishtuke mapema.

Kuhusu programu ya kuondoa virusi, usiifanye kuwa hakimu wa mwisho. Msimbo wa Zeus, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda, ulivuja mwaka 2011 na wengi wakautumia kutengeneza aina zao, kwa hiyo kompyuta kuonekana safi baada ya kukaguliwa si uthibitisho kwamba ni safi. Ikate kwenye intaneti, lakini usifute chochote kabla ya kuuliza benki na polisi kama wataihitaji. Baadaye Windows iwekwe upya kabisa kwa flashi iliyotayarishwa kwenye mashine nyingine. Neno la siri jipya liandikwe kwenye kifaa ambacho hakijawahi kufungua barua pepe za biashara yako.

Piga simu kwanza, uwaulize pia kama kuna malipo yanayosubiri kupitishwa, kisha uandike hapa walivyokujibu.