Kushonea kikaragosi wa zamani nguo ya jukwaa: mning'inize kwanza

Wadogo zangu mnaoingia hii kazi ya vikaragosi, kikaragosi wa nyuzi hashonewi akiwa amelala mezani. Mning'inize kwanza ndio ushike makasi. Mimi hiyo nilijua baada ya kuharibu velveti nzuri sana.

Jamaa mmoja alinipea Pelham ya zamani, wale vikaragosi wa nyuzi wa Uingereza, Bob Pelham alianza kuwatengeneza huko Marlborough 1947 na kampuni ikafungwa 1993, kwa hivyo hata yule wa mwisho kabisa sai ni mzee. Nguo yake ilikuwa imeliwa na nondo na sisi tulikuwa tunatafuta sultani wa mchezo wa watoto, nikasema huyu ndiye. Nikashuka Biashara Street, Nairobi, nikachukua velveti nyeusi na zari ya dhahabu, nikampima amelala, nikashona joho kwa mkono usiku mzima, na asubuhi ukimwangalia pale kwa kabati unaona sultani kweli kweli. Kumwinua sasa! Navuta uzi wa mkono, badala ya mkono ni bega lote linapanda na mwili unapinda, nikiachilia mkono unabaki huko juu, velveti imeukazia. Magoti ndio hayaonekani kabisa, joho imebana nyuzi zake.

Kiungo cha kikaragosi kinapandishwa na uzi na kinarudishwa chini na uzito wa mbao peke yake, hakuna nguvu ingine hapo. Kitambaa kigumu kikishinda huo uzito, umemfunga. Kwa hivyo kabla ununue, weka kitambaa juu ya ngumi yako: kikianguka na kufuata vidole chukua, kikisimama kama hema rudisha. Kitenge kipya kina wanga, kioshe kwanza, na uchague maua madogo, maana ua moja kubwa linaeza kumeza kifua chake chote.

Kata kielelezo, yaani nguo ya kujaribia, kwa shuka kuukuu, mvishe na pini akiwa ananing'inia, halafu mtembeze, mkalishe, muinamishe. Kuinama ndiko kunasema ukweli, nguo fupi mgongoni inavuta shingo papo hapo. Kwapa liache pana kuliko venye roho yako inataka. Mgongo uache wazi na vifungo vya kubana, usiweke velkro, inashika nyuzi na kuzikwaruza. Penye uzi wa goti unapita kwa nguo, toboa mpasuo mdogo na uuzungushie uzi kama tundu la kifungo, la sivyo kitambaa kinachanika nyuzinyuzi na ule uzi unanasa humo katikati ya shoo.

Na usikate zile nyuzi ovyo. Urefu wake ndio mizani yake, kama ni lazima uzitoe pima kila moja uandike kwa karatasi uifunge papo hapo, mkono wa kushoto, goti la kulia, hivyo hivyo.

Uso nao uuheshimu. Vichwa vingine vya zamani ni unga wa mbao na gundi, maji yanavilainisha, pangusa tu na brashi laini kavu. Msasa hapana, rangi za zamani zinaeza kuwa na madini ya risasi (lead) na hiyo vumbi ni sumu. Nguo yake ya kwanza, hata ikiwa na matundu, ifunge kwa karatasi nyeupe uiweke, hiyo ni historia yake na siku moja mtu atataka kuiona.

Joho ya pili niliitoa kwa blauzi ya hariri ya mtumba, soko la Gikomba, shilingi 80. Sikuweka lainingi, mikono nikaifanya mipana, zari nikaiacha kwa kola na ukingo wa mbele peke yake. Siku ya shoo sultani akatoka, akasimama, akainua mkono polepole, na watoto wa mstari wa mbele wakainua yao kumjibu.