Zlatan alirudi baada ya miezi saba: dawa au kazi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alikatika ligamenti ya goti (ACL) kwenye ndondo, akapasuliwa, na mwaka umepita bado anachechemea. Zlatan Ibrahimović, yule mshambuliaji wa Manchester United wakati huo, aliumia hivyohivyo Aprili 2017 akiwa na miaka 35, Novemba yuko uwanjani. Kweli hawa hawatumii dawa?

JIBU: Marahaba. Miezi saba si muujiza, hata kama Zlatan mwenyewe alijitapa kwamba simba hawaponi kama binadamu. Soka la kulipwa la Ulaya, wengi wenye ACL hurudi mechini miezi saba au minane hivi. Yeye alipasuliwa Pittsburgh, Marekani, ndani ya wiki chache, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa goti tu, asubuhi na jioni.

Wagonjwa wangu wengi huanza kwa kuchuliwa miezi miwili huku kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya goti, kikisubiri hela. Nikizungusha futi kamba pajani, juu kidogo ya pia ya goti, mguu mbovu umeshapungua sentimita tatu, nne. Na hapo hata kisu hakijagusa.

Dawa zipo, nisikudanganye. Steroidi hujaza nyama za paja haraka, na hapo shaka yako ina mashiko. Lakini ligamenti mpya ni kipande cha kano kilichopandikizwa: hulegea kwanza, damu inakiingia taratibu, kinakomaa kwa miezi mingi. Hakuna sindano iliyothibitika kukiharakisha. Hiyo dawa ya BPC-157 inayosifiwa mitandaoni, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, waliipiga marufuku 2022, na sifa zake nyingi zimetoka kwa panya.

Ndiyo maana anayewahi kurudi namtilia shaka goti kabla ya mkojo wa kupimwa dawa. Kila mwezi unaosubiri, hadi wa tisa, hatari ya kuumia tena hupungua takriban nusu. Zlatan mwenyewe alirudi Novemba, Desemba hiyohiyo goti likamtoa tena.

Mdogo wako aruke kwa mguu mmoja, mpime umbali. Mbovu usipofikia asilimia 90 ya mzima, ndondo isubiri. Ila kuchechemea mwaka mzima baada ya upasuaji si kwa kungoja. Mlaze chali, tazama kama goti linanyooka lote hadi nyuma yake iguse kitanda. Lisiponyooka, mlete na picha zake za MRI, za zamani na mpya.